Maji Mafu

Maji mafu hayakaushi bahari. Wavuvi wa Bagamoyo wanayajua: siku zile mwezi ukiwa nusu, bahari haijai sana wala haipwi sana, na baada ya wiki hivi bamvua limerudi. Aliyebaki pwani siku hizo hakai bure. Mtazame mmoja pale karibu na soko la samaki, amepakata wavu, anashona tundu moja moja. Mwenzake anasukuma pamba kwenye nyufa za mashua, anapiga kalafati. Sisi wengine (nami nimo), unga ukipanda bei na duka likigoma kukopesha, tunakaa barazani kuulaumu mwezi. Ndugu msomaji, kama una wavu uliotoboka, mchana huu unatosha kuushona.