Dhima ya Rubani kwa Abiria Wake wa Kwanza

Mwezi huu twapenda kufikiri pamoja nanyi juu ya swali ambalo mwanzoni laonekana dogo. Mtu amejifunza kuendesha eropleni, si kwa kazi wala kwa mshahara, bali kwa kupenda tu, akapewa cheti. Sasa amwita rafiki yake, ambaye hajapata kuruka tangu azaliwe, amwambia, "Njoo nikuonyeshe nchi kutoka juu." Rafiki akubali kwa furaha. Je, kukubali kwake kwamwondolea rubani dhima ya lolote litakalotokea?

Wako wasemao, naam. Mtu mzima ameulizwa, naye amejibu kwa hiari yake. Sisi twaona kwamba jibu hilo limetolewa kwa haraka. Na tuwatazame kwanza wale waliotangulia kuchukua abiria.

Ndugu wawili wa Dayton katika Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1903, kila mmoja peke yake. Ikapita miaka minne na zaidi kabla hawajampandisha mtu mwingine. Tarehe 14 Mei 1908, penye vilima vya mchanga vya Kill Devil Hills, Wilbur alimchukua fundi wao, Charles Furnas, wakakaa hewani sekunde zipatazo 29. Kisha Orville akamchukua yeye yule kwa dakika 4 hivi. Baadaye siku ile ile Wilbur aliruka peke yake. Vishikio vya kuongozea vilikuwa vya namna mpya, na mikono yake ilikuwa haijavizoea. Akakosea kimoja, chombo kikaanguka mchangani kikavunjika. Yeye mwenyewe alitoka bila kuumia sana. Lakini msomaji na atue hapa kidogo. Furnas alikuwa ameketi katika chombo kile kile, chenye vishikio vile vile, saa chache tu zilizotangulia.

Miezi minne baadaye jambo lenyewe likatokea. Tarehe 17 Septemba 1908, huko Fort Myer, Virginia, Orville aliruka pamoja na Luteni Thomas Selfridge. Panka moja la kusukumia chombo likapasuka, waya za usukani wa nyuma zikaharibika, wakaanguka. Orville alivunjika paja na mbavu, akalala hospitali majuma mengi. Selfridge alikufa jioni ile, mtu wa kwanza kufa katika eropleni yenye injini.

Hatusemi kwamba Orville alikuwa na hatia. Selfridge alikuwa askari na mwenye elimu ya mambo hayo, tena alikuwa amekwisha kurusha eropleni yeye mwenyewe mwezi wa Mei mwaka ule. Furnas naye, kwa kuwa ni fundi, aliijua mitambo kwa mikono yake. Watu kama hao wakikubali, wajua wanakubali nini. Lakini iko habari nyingine ya jamaa ile, nayo ndiyo iliyotufikirisha. Baba yao, Milton Wright, aliyekuwa askofu, aliwataka wanawe wasiruke wote wawili pamoja, ili wasipotee siku moja, nao walilishika neno lake. Basi walijua vema ya kuwa kila safari yaweza kuwa ya mwisho! Ndugu alimwacha ndugu yake chini, lakini watu wengine walipandishwa. Je, uhai wa abiria ulikuwa mwepesi kuliko uhai wa ndugu?

Tarehe 25 Mei 1910, kwa ruhusa ya baba, waliruka pamoja mara moja tu. Siku hiyo hiyo mzee Milton, mwenye umri wa miaka 81, akapanda na Orville, wala hajapata kuruka kabla ya hapo. Wakakaa juu karibu dakika 7, naye mzee hakuogopa. Alimwomba mwanawe apande juu zaidi. Mzee yule hakujua habari za waya wala panka. Alimjua Orville. Na hivi ndivyo alivyo kila abiria wa mara ya kwanza: haamini chombo, kwa maana hawezi kukipima, amwamini mtu. Kwa hiyo kukubali kwake hakumpunguzii rubani mzigo, bali kwamwongezea, kama vile mtu akikuwekea amana bila kuihesabu, wewe ndiwe upaswaye kuihesabu.

Hata sheria yaonekana kulitambua jambo hili. Katika Marekani, rubani ambaye katika siku 90 zilizopita hakuruka na kutua mara tatu hana ruhusa kuchukua abiria. Lakini peke yake aweza kupanda. Maana yake, yaliyo halali kuyahatarisha ukiwa peke yako si halali ukiwa na mwenzio. Pia yule mwenye cheti cha kujifurahisha hana ruhusa kutwaa malipo. Abiria aweza kushiriki gharama tu, na rubani hulipa fungu lake.

Lakini sheria haiwezi kuona yote. Eropleni ndogo yenye viti vinne mara nyingi haiwezi kuchukua watu wanne wazito pamoja na mafuta tele. Abiria aona viti, hajui hesabu. Maji yaweza kuingia katika mafuta, kwa hiyo rubani huchota kidogo chini ya tangi na kutazama. Akiingia katika wingu pasipo kuzoea kuongozwa na saa za chombo, masikio yake humdanganya, adhani yuko sawasawa, kumbe azunguka akishuka. Na akilaza chombo sana ili amfurahishe mgeni, kwa pembe ya nyuzi 60, mabawa hubeba uzito maradufu. Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Huku juu nahodha ni mmoja, hana wa kumkanya.

Wengine watauliza, kama hakuna barua ya kupeleka wala mgonjwa wa kuokoa, kwa nini kumtia mtu hatarini kwa ajili ya furaha tu? Hatukubaliani nao. Kumwonyesha mwenzio mto wa kwao na paa la nyumba yake kutoka angani ni zawadi ya kweli. Ila mgeni na aambiwe hatari waziwazi kabla hajafungwa mkanda, kwa kuwa baada ya hapo maneno hayo ni kitisho tu. Na aachiwe njia nyepesi ya kusema, "La, sitaki," hata injini ikiwa inavuma.

Na rubani naye aone njia hiyo. Hapo ndipo penye shida. Mgeni ametoka mbali, amewaaga watoto, amevaa nguo njema. Na mawingu yameshuka. Rubani aona haya kumrudisha, adhani ataitwa mwoga. Sisi tungemwuliza kila rubani kabla ya kupanda naye: umepata kumrudisha mgeni nyumbani mara ngapi? Akijibu kwa fahari kwamba hajamrudisha hata mmoja, tungebaki chini. Wala mgeni aliyerudishwa hahitaji maneno mengi ya kumtuliza. Na apewe chai, atajiwe siku nyingine, na eropleni ifungwe kamba zake.