Pombe Aliyopikiwa Mtu

Katika mambo ambayo nafsi ya binadamu huyahifadhi kwa mahaba, pombe haipewi aghalabu nafasi ya heshima, kwa kuwa mcha Mungu huihesabu katika dhambi, na mganga katika madhara, na mtunza mali katika hasara, na kila mmoja wao ana hoja isiyofaa kupuuzwa. Hata hivyo ukiketi na mzee wa Ngara au wa Biharamulo, ukamwomba akusimulie siku zilizoupendeza moyo wake tangu ujana, hutakaa muda mrefu kabla mtungi haujatokea katika maelezo yake, umewekwa kati ya watu, na mirija imesimama ndani yake. Na hapo uso wake utakunjuka kwa namna ambayo hata habari za mavuno mema na ng'ombe waliozaa hazikuukunjua. Wepesi wa fikira watasema kuwa ni ulevi wa zamani unaomchekesha. Mimi sisadiki hivyo. Naona kuwa kukunjuka kule ni dalili ya jambo linalostahili kuulizwa kwa adabu na kujibiwa kwa wasaa: mtu akumbukapo pombe kwa furaha, hukumbuka nini hasa?

Jibu lililo karibu ni ladha, nalo halitoshi. Pombe ya ndizi, ambayo mkoa wa Kagera huijua kwa jina la rubisi, na ambayo majirani wa Rwanda huiita urwagwa, haina ladha moja. Hubadilika kwa aina ya ndizi, kwa mvua ya mwaka, kwa mtama uliotiwa, kwa mkono wa aliyeikamua, na hata kwa saa: asubuhi ni tamu bado, jioni imeanza kuuma ulimi, na baada ya siku chache ni siki ya kumwagwa. Mtu atadaije kuwa moyoni ameweka ladha ya kitu ambacho hakikudumu katika hali moja kwa siku mbili? Mwulize mzee huyo akueleze ladha ya pombe anayoisifu; atasema ilikuwa nzuri, au ilikuwa kali, kisha ulimi wake utaihama ladha upesi na kuwaendea watu: nani alikuwapo, nani aliketi upande gani, ndizi zilitoka shamba la nani, na shughuli ilikuwa ya nini.

Sababu ya kuhama huko imo katika kazi yenyewe ya kuitengeneza pombe hiyo. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa zimekomaa lakini kijani bado, zikavundikwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kutiwa joto, au zikapangwa darini juu ya meko palipo moshi, na huko hukaa siku nne, tano au sita mpaka ziive zote pamoja. Kisha humenywa na kutiwa katika mtumbwi uliochongwa kwa gogo, zikachanganywa na nyasi, na wanaume huzikanyaga kwa miguu iliyooshwa mpaka maji yake matamu yatengane na nyama. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji ya mtoni au kisimani, hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kazi ambayo kwa desturi ni ya wanawake, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa yachachuke siku moja au mbili. Juma zima, na pengine zaidi, limepita kati ya nia ya kunywa na kunywa kwenyewe, na tangu pombe iwe tayari muda wake wa kufaa ni siku tatu au nne tu. Madhali ni hivyo, rubisi ya nyumbani hainywewi kwa sadfa. Ukiikuta mbele yako siku ya posa, au siku ya kulimiana mashamba, au siku ya kumaliza matanga, ujue kwamba mtu fulani, siku nyingi kabla hamjaonana, alisimama chini ya mgomba, panga mkononi, akiwa na sura yako akilini, akakadiria siku utakayofika na idadi ya watakaokuwa pamoja nawe, na kukata mkungu kwa hesabu hiyo.

Ibn Sina, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, ambaye mwenyewe alisimulia kwamba usingizi ulipomlemea usiku wa kusoma alikunywa kikombe cha sharabu ili nguvu imrudie, alifundisha katika maandishi yake juu ya nafsi kwamba hazina za ndani ya binadamu ni mbili. Iko hazina ya sura, ambayo huweka rangi, umbo, sauti na ladha baada ya vitu vyenyewe kuondoka. Na iko nyingine, aliyoiita hafidha, ambayo huweka maana, yaani yale yaliyo ndani ya vitu lakini hayaonwi kwa jicho wala kuonjwa kwa ulimi. Mfano wake ni kondoo aonaye mbwa mwitu: rangi na umbo huyapata kwa macho, lakini uadui hauna rangi wala umbo, na hata hivyo kondoo huutambua na kukimbia. Mimi nasema kuwa pamoja na uadui, hisani nayo hutambuliwa hivyo hivyo na kuwekwa huko huko. Ladha ya rubisi huingia katika hazina ya kwanza na kufifia upesi, kama ilivyo haki ya kitu kisichofanana na cha jana. Ila ile nia ya mtu aliyekata mkungu kwa ajili yako huingia katika ya pili, nayo huko haichachi.

Mjomba wangu mmoja wa Bugufi, huko Ngara, mtu wa maneno machache sana, alinialika nyumbani kwake nilipopata kazi yangu ya kwanza ya ualimu. Mtungi ulikuwa umewekwa tayari, na wazee wamekwisha kukaa. Yeye alionja kwanza, kama ilivyo ada ya mwenye nyumba anayetaka wageni wake wanywe kwa amani, kisha akachukua mrija mpya, ambao ulionekana wazi kuwa umekatwa siku ile ile, akauchomeka kati ya mirija ya wazee na kusema, "Sogea hapa, mjomba, wako huu." Sikunywa nyingi, na kama ilikuwa tamu au kali leo siwezi kuapa. Niwezalo kuapa ni kuwa kabla ya siku ile nilikuwa nikisimama nyuma ya wazee, na tangu siku ile nilikuwa na mahali pa kukaa, na kwamba mahali hapo palikuwa pamefikiriwa na mtu kabla mimi sijapafikiria.

Yamkini mtu atanipinga kwa kuniambia kwamba bia ya chupa nayo hukumbukwa kwa mapenzi, ilhali hupikwa kiwandani kwa ajili ya yeyote mwenye fedha. Ni kweli, na pingamizi hili nalipenda kwa sababu linanisaidia. Kiwanda hujitahidi chupa ya leo ifanane na ya jana, na ya Mwanza ifanane na ya Dar es Salaam. Hiyo ndiyo fahari yake, nami siidharau. Katika vilima vya Ngara watu wameijua Primus, inayopikwa Bujumbura na Brarudi, kiwanda kilichoundwa mwaka 1955, na wameijua Safari iliyozaliwa mwaka 1977 katika mikono ya Tanzania Breweries, shirika lililokuwa la umma baada ya Azimio la Arusha mpaka lilipobinafsishwa mwaka 1993. Lakini wasikilize wanaoikumbuka bia ya chupa kwa moyo wa mapenzi: aghalabu watakurudisha katika miaka ya 1980, wakati wa uhaba, bia ilipopatikana kwa kibali na kwa kujuana, na mwenye arusi akahangaika kukusanya kreti chache tangu miezi ya nyuma, akizificha chini ya kitanda ili wageni wake wasiaibike. Hapo chupa iliyopikwa kwa ajili ya yeyote ilikuwa imetiwa nia ya mtu mmoja kwa watu wake, na hafidha ikaipokea kama inavyoipokea rubisi. Uhaba peke yake haukutosha kuifanya ipendwe. Wakati ule sabuni nayo ilikuwa haba, wala sijamsikia mtu akiisimulia sabuni kwa macho ya kuangaza.

Iko siku ambayo jambo hili lilipimwa kwa mizani nzito kuliko nipendavyo kuigusa. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa ishirini na nne hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara, wakikimbia vita iliyoandamana na mauaji ya kimbari, na kambi ya Benaco ikawa mji katika nchi ambayo jana yake ilikuwa malisho na mashamba. Wengi wao walikaa mpaka walipotakiwa kurudi kwao Desemba 1996. Vilima walivyoviona vilifanana na vyao, migomba ilikuwa migomba ile ile, na lugha ya wenyeji waliielewa kwa kiasi kikubwa. Isitoshe, Bugufi yenyewe hapo kale ilikuwa chini ya mwami wa Burundi, na ni mpaka waliopatana Waingereza na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza ulioiacha upande wa Tanganyika. Kama kumbukumbu ya pombe ingekuwa kumbukumbu ya ladha, basi mkimbizi aliyenunua kikombe cha urwagwa Ngara angepata faraja yote aliyoipoteza, kwa kuwa sura haikupungua kitu. Lakini ni nani aliyeikata mikungu ile akimwazia yeye? Waliokuwa wakimwekea mrija wengine walikuwa wamekufa, wengine wametawanyika, na wengine, jambo lililo chungu zaidi, walikuwa wameinua panga juu ya jirani waliyekunywa naye mtungi mmoja. Naliandika hili nikijua kuwa linaitikisa hoja yangu: mrija haukumzuia mtu kuua. Sidai kuwa ungeweza. Nadai tu kuwa ladha ilibaki kamili na haikutosha.

Insafu inanilazimisha niongeze neno juu ya wale ambao mtungi haukuwafurahisha kamwe. Mama mmoja mzee wa upande wa Biharamulo, ambako miombo huenea na mtama hulimwa kando ya migomba na mihogo, alinisikia nikizisifu pombe za zamani, akanyamaza mpaka nikamaliza, ndipo akasema, "Mwanangu, mimi nalikumbuka jiwe." Alikuwa na maana ya jiwe la kusagia mtama, alilolipigia magoti tangu ubikira mpaka mgongo ulipokataa. Mbali na jiwe hilo, wako watoto waliolala na njaa kwa kuwa shamba lililowafaa kwa chakula lilipandwa ndizi za pombe. Wako wake waliopigwa. Na iko gongo, iliyokatazwa na sheria, ambayo ni ndizi zile zile zikiwa zimenyimwa wageni na kupewa moto. Furaha ya kumbukumbu ni shahidi mkweli, lakini ni shahidi wa yule aliyehesabiwa. Yule aliyefanya kazi asihesabiwe ana shahidi wake mwingine, naye hasemi uongo. Ndiyo maana siwezi kuwaunga mkono wanaotaka turudi katika siku za kale zote kwa jumla. Ningetaka turudi tukiwa na mrija wa yule mama, uliokatwa kabla ya mingine yote.

Na huenda siku za kurudia zinapungua. Mnyauko wa bakteria, uliojulikana Ethiopia tangu mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001 na kuingia Kagera miaka michache baadaye, umeziandama hasa ndizi za pombe, kwa sababu wadudu hufuata utamu wa ua dume na kubeba maradhi kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Wataalamu hufundisha kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda, na kulipitisha panga motoni kabla ya kuligusisha mgomba wa pili. Ni mafundisho mema, na wakulima wanaoyafuata wanakilinda pia kitu kisichotajwa katika mafundisho hayo, nacho ni uwezo wa kumkatia mtu mkungu.

Wako pia walioiacha pombe kwa hiari. Uamsho wa kiroho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 uliwafikia Waanglikana wa Katoke mkoani Kagera na wa Murgwanza huko Ngara, na walokole wengi wakaapa kutoionja tena. Katika arusi zao maji matamu ya ndizi yasiyochachuka huletwa badala ya pombe. Kichwa hakiguswi, lakini mwenye nyumba huonja kwanza, na wazee huuliza ndizi zimetoka shamba la nani. Mzee mmoja kati yao, ambaye ameshika kiapo chake tangu ujana bila kuyumba, aliniambia kuwa harufu ya shimo la ndizi zilizovundikwa humfurahisha bado, wala haoni dhambi katika furaha hiyo. Kisha akanitajia, mmoja baada ya mwingine, wote waliouzunguka mtungi wa posa yake, pamoja na yule jirani aliyetokea bila kualikwa, na mrija wa sita ulivyokatwa upesi ili naye asisimame.