Akiba Haiozi

Mwaka 2019 mdogo wangu alimwoza binti yake hapa Dar es Salaam. Kamati ya harusi iliniletea kadi ya mchango. Nikatoa shilingi 50,000, na ndugu wakanong'onezana kwamba mimi ni bahili. Miezi mitatu baadaye mdogo wangu alinijia usiku. Ada ya shule ya kitinda mimba wake haikuwapo. Fedha zote ziliishia ukumbini. Nilimpa, wala sikumkumbusha lolote. Lakini nakiri, ndugu msomaji, kwamba moyoni nilifurahi kumwona akiomba. Furaha ile inanisumbua mpaka leo. Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, ila moyo wa mwenye akiba waweza kuoza asipouangalia.