Elimu ya Viumbe Hai: Ni ya Dunia au ya Dini?

Mzazi mmoja alitujia baada ya darasa akatuuliza suali. Binti yake ameitwa kusoma elimu ya viumbe hai, iitwayo bayolojia, katika chuo kikuu kilichoko upande wa Busia, mpakani mwa Uganda. Akasema: "Masheikh wetu, lau ingekuwa sharia au Kiarabu, ningemwacha aende hata China. Lakini kwenda mbali hivyo kusoma minyoo na nzi, kuna thawabu gani?" Baadhi ya waliokuwapo walicheka. Sisi hatukucheka, kwani suali lile limo vifuani mwa wengi wetu. Yeye alithubutu tu kulitamka.

Jawabu twalitafuta huko huko Busia, na katika minyoo ile ile.

Mwaka 1998 ulianza mpango wa kuwapa watoto wa Busia dawa ya minyoo. Skuli 75 za msingi ziligawanywa mafungu matatu: la kwanza likaanza mwaka ule, la pili 1999, na la tatu likangoja hadi 2001. Edward Miguel na Michael Kremer, wataalamu wa uchumi, waliyalinganisha mafungu hayo, wakachapisha matokeo yao mwaka 2004. Walieleza kwamba kukosa kuhudhuria skuli kulipungua kwa kadiri ya robo, na kwamba hata watoto wasiomeza dawa walipata nafuu kwa kuwa wenzao wamemeza. Mwaka 2015 wengine walizirudia hesabu hizo wakabishana nazo, na hiyo ndiyo desturi ya wenye elimu. Lakini njia anayopita mnyoo haina ubishi.

Mayai ya mnyoo wa safura hutoka pamoja na haja kubwa. Yakiangukia ardhi yenye joto na unyevu huanguka vibuu, na kibuu hupenya ngozi ya unyayo wa mtoto asiye na viatu, kikasafiri mwilini hata kikafika matumboni, kikanyonya damu. Mtoto hudhoofika, husinzia darasani, na mwalimu humwita mvivu. Basi mtoto mmoja akitibiwa hupungua mayai njiani, na mtoto wa jirani husalimika bila ya kujua nani aliyemwokoa.

Na nani aliyeivumbua njia hiyo ya unyayoni? Ni Arthur Looss, Mjerumani, mwishoni mwa karne ya 19, baada ya maji yenye vibuu kumwagika juu ya mkono wake naye akauona unawasha. Na jambo hilo lilitokea wapi? Cairo, mji wa Azhar! Sisi tunaofunzwa tohara tangu utotoni, tunaojua hukumu za istinja na haja, tulimwachia mgeni akatazame kile kilichomo ndani ya najisi tuliyoamrishwa kujiepusha nayo.

Imam Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, aliihesabu tiba kuwa ni fardhu kifaya, akawalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fiqihi ilhali miji mingi haina tabibu illa asiyekuwa Mwislamu. Miaka zaidi ya 900 imepita, na lawama ile ingali yatufaa. Fardhu kifaya ni mzigo ambao wakiuchukua baadhi husalimika wote, na wakiuacha wote hupata dhambi wote. Je, si mfano wa watoto wale wa Busia?

Na tusidhani kwamba Busia ni mbali nasi. Malori yatokayo bandari yetu ya Mombasa hupita Malaba na Busia, na madereva wengi ni wana wetu. Mwaka 2020, wakati wa korona, walizuiliwa huko katika misururu ya kilomita nyingi, wakingoja majibu ya vipimo. Huku nyumbani tuliwaombea dua, na dua ni haki. Lakini sampuli zilisomwa katika maabara, na mojawapo ni ile ya KEMRI iliyoko Alupe, karibu na Busia. Aliyezisoma ni mtoto wa mtu ambaye hakuona haya mwanawe kusoma minyoo na nzi.

Wako wasemao kwamba elimu hii huharibu itikadi. Khofu yao si ya bure. Lakini mtoto aliyekatazwa kuuliza nyumbani, siku atakapoulizwa ugenini atakuwa hana jawabu. Na kosa hilo si la hadubini, bali ni letu.

Tena tuangalie jambo moja. Fungu lile la tatu lilingoja kwa sababu uwezo haukutosha kuwapa wote kwa mara moja. Je, ilikuwa uadilifu kuwangojesha watoto wagonjwa, na kungoja kwao kukawa ndiko kipimo cha elimu? Hadubini haijibu suali hilo. Lahitaji mtu aijuaye haki na dhulma, naye awe amekaa katika chumba ambamo mambo hayo hukatwa. Atakaaje humo asiyesoma?

Kwa hiyo twamwambia mzazi yule, na kila aliye mfano wake: mruhusu binti yako. Mfunze dini yake kwa hoja kabla hajaondoka, mtafutie nyumba ya amana miongoni mwa Waislamu wa Busia, na umuusie kwamba elimu atakayoipata ni amana, airudishe kwa watu. Thawabu uliyoiuliza iko katika unyayo wa kila mtoto atakayepona.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.