Deni la Msafiri wa Peke Yake

Mtu atokaye Dodoma kwa baiskeli peke yake, akapita Bahi, akaukwea ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Manyoni, hujiona hana deni kwa mtu. Miguu ni yake, jasho ni lake, na mashahidi wake ni mibuyu. Lakini Ugogo mvua hunyesha tangu Desemba hata Aprili. Baadaye mahali pengi maji hufukuliwa katika mchanga wa makorongo. Kata ya maji apewayo mwezi wa Septemba ilitekwa na mama aliyeamka kabla ya alfajiri. Basi ushujaa huo ni wa nani? Kusafiri peke yake si kosa. Kosa ni kusahau. Anywe kwa kiasi, naye asimuliapo safari yake, amtaje kwanza mama yule.