Chuma Ndani ya Mwili: Je, Ni Kubadilisha Umbile?

Mzee mmoja wa darasa letu alianguka akavunjika nyonga. Madaktari wakamshauri atiwe nyonga ya bandia, naye akakataa. Akasema: "Nitamkabili vipi Mola wangu na chuma asichoniumba nacho?" Wanawe wakanyamaza kwa kumheshimu, naye hata leo hajainuka kitandani. Mas-ala haya, ndugu Waislamu, yatupasa tuyaangalie.

Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi kuwa Arfaja bin As-ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Ujahilia, akatia pua ya fedha. Fedha ile ikafanya uvundo, na Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atie ya dhahabu. Nasi twajua kuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume kuivaa. Basi ruhusa ile haikuwa kwa ajili ya pambo, bali ni kwa kuwa fedha huharibika kwa maji ya mwili, na dhahabu haiharibiki.

Kitu kisichoharibika mwilini ndicho watafutacho mabingwa wa leo. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, Sweden, Per-Ingvar Brånemark alimtilia mgonjwa mizizi ya meno ya titani. Madini haya yakikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba iyalindayo yasiliwe, na mfupa hushikamana nayo. Viungo vingine hupakwa kalsiamu na fosfati, mfano wa maada ya mfupa wenyewe, ili mfupa uote juu yake.

Huenda mtu akasema: pua ya Arfaja yavulika, nyonga haivuliki. Twamjibu: Imam Nawawi katika Minhaji amemtaja aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho tohara, akasema ana udhuru. Ikiwa huyo ana udhuru, itakuwaje kwa aungaye kwa madini tohara? Kubadilisha umbile ni kukiharibu kilicho kizima kwa matamanio. Kukirudisha kilichovunjika siko huko.

Lakini ruhusa haiondoi amana. John Charnley wa Uingereza alitumia kwanza Teflon katika nyonga. Ikasagika, na chembe zake zikawadhuru wagonjwa hata ikabidi wapasuliwe tena. Naye aliijaribu katika paja lake mwenyewe, na mwaka 1962 akashika plastiki nyingine iliyo imara zaidi. Basi ni haki ya mgonjwa kuambiwa atiwacho ni kitu gani na madhara yake ni yapi, na ni juu yake kuuliza.

Ama mzee wetu, akiikataa nyonga kwa kukihofu kisu, hiari ni yake. Lakini asiikatae kwa kumzulia Mwenyezi Mungu katazo ambalo hakulitoa. Na wanawe wajue kuwa kumheshimu baba si kumwachia dhana isiyo na dalili. Wakae naye kwa upole, wamsomee habari ya Arfaja, kisha wamwachie achague hali ya kuwa anajua.