Nani Mwenye Msitu?

Huko England, majani yanapoanza kubadilika rangi mwezi Oktoba, baadhi ya wenye misitu binafsi huwafungulia watu lango. Kikundi hupitishwa vijiani na kiongozi, huonyeshwa uyoga na mialoni, kisha lango hufungwa, na wageni huondoka wakishukuru. Shukrani hiyo inanisumbua, maana anayeshukuru hivyo amekwisha kukubali kwamba kutembea chini ya miti ni hisani ya mtu. Sheria ya mwaka 2000 iliwapa watu wa England na Wales haki ya kutembea milimani na nyikani bila kuomba ruhusa, lakini misitu mingi ikaachwa nje. Ukivuka mpaka kuingia Scotland, sheria ya 2003 inakuruhusu kupita karibu kila mahali, misitu ikiwemo, mradi usiharibu. Miti ni ile ile pande zote mbili.

Mwanafalsafa John Locke alifundisha kwamba kitu cha asili huwa mali ya mtu pale anapokitia jasho lake. Shambani hoja hiyo ina nguvu, msituni inalegea. Mialoni mingi haikupandwa na mtu: ndege mmoja wa jamii ya kunguru hufukia maelfu ya mbegu za mwaloni kila msimu wa majani kubadilika rangi ili ajiwekee akiba, na asizozirudia huota. Mti wenyewe, kabla ya kudondosha jani, huvuta naitrojeni irudi shinani, na jani lililoanguka huozeshwa na kuvu likawa udongo. Wapo waliopanda na kupogoa, na haki yao ya mbao siigusi. Ila mwaloni huishi karne kadhaa. Aupandaye anajua hatauona ukikomaa, hivyo kazi yake ililenga wengine tangu mwanzo. Akataye mbao hupunguza msitu, atazamaye haupunguzi.

Wenye misitu watasema nyayo nyingi hushindilia udongo, mizizi ikakosa hewa, na mbwa huwatimua ndege wanaotaga chini. Ni kweli, na ndiyo maana kiongozi wa matembezi ana kazi ya maana. Lakini madhara hayo yanadai mwenendo mwema kwa kila aingiaye, mwenye hati akiwemo. Njia ikifungwa wakati wa ndege kuatamia, ifungwe kwake pia. Wala haki ya wote ndani ya mali ya mtu si wazo geni: Uislamu huwahesabu watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto, na Torati ya Wayahudi iliamuru masazo ya mavuno yaachiwe maskini na mgeni. Dini zote mbili zinautambua umiliki, tena kwa uzito, na bado aliyeokota masazo hakuhitaji kualikwa na mwenye shamba.